Mguu wa Mzee Aroni

Eveline Mhongole alikuwa mwaka wa tano wa udaktari pale Mbeya, na alikuwa amefika mahali ambapo mtu hajiulizi tena kama kazi anaipenda au haipendi. Alikuwa anasoma, basi. Mbele yake kulikuwa na mitihani ya mwisho ya chuo, na baada ya hiyo ulimsubiri mtihani wa leseni, ule ambao usipoufaulu huruhusiwi kumwandikia mtu hata dawa ya kikohozi. Mwezi wa sita baridi ya Mbeya haina adabu. Katika chumba alichopanga mtaa wa Soweto, yeye na mwenzake Andendekisye, binti wa Tukuyu ambaye wote walimwita Ande, walisoma wamejifunika mablanketi kama wafiwa, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, mpaka ndimi zikawa nzito.

Baba yake alipiga simu mchana mmoja wa katikati ya wiki. Hilo peke yake lilimshtua, maana Mzee Aroni hakuwa mtu wa simu. Salamu zake zilipitia kwa mama siku zote.

"Mama," alisema. Alimwita hivyo tangu utotoni kwa kuwa Eveline alirithi jina la bibi yake. "Jumamosi uje nyumbani."

"Kuna nini, baba?"

"Hakuna kitu. Njoo tu. Na mama yako usimsumbue, yuko na mpunga wake huko."

Mama alikuwa Madibira kwa dada yake, kama kila mwaka wakati wa mavuno. Mzee alibaki peke yake Ipogolo, pale chini kabla barabara haijaanza kupanda kwenda mjini Iringa. Alikuwa fundi wa springi za malori. Madereva wa njia kuu walimjua kwa jina, na kanisani, kwa Walutheri, walimjua kwa sauti yake ya besi.

Eveline alipanda basi la alfajiri. Alipofika alimkuta baba yake amekaa kwenye kigoda ndani, si gereji. Mguu mmoja ulikuwa na buti, mwingine umefungwa kitambaa. Kabla hajamaliza kusema shikamoo, harufu ilimfikia. Aliijua. Alikuwa ameinusa wodini mara nyingi, lakini hakuwahi kuinusa katika chumba chenye picha ya ubarikio wake ukutani.

"Msumari," Mzee alisema. "Uliingia kwenye soli. Nimefanya nao kazi kutwa nzima, sina habari. Nimekuja kuvua jioni, soksi imelowa damu."

"Hukusikia maumivu?"

"Ningesikia si ningevua?"

Eveline akapiga magoti, akafungua kile kitambaa. Chini ya kidole gumba palikuwa na shimo lenye kingo nyeupe, na ndani usaha. Alibonyeza hapa na pale kwa ncha ya kidole, akiuliza, unasikia? Mzee alitikisa kichwa. Hapa? Akatikisa tena. Ndipo ikatoka habari ambayo nyumba nzima haikuijua: kwamba miaka ya nyuma zahanati walimwambia ana sukari, wakampa vidonge, akameza mpaka akajisikia vizuri, akaacha.

"Baba, hii ni ya kulazwa. Leo hii."

Mzee hakugomba. Laiti angegomba. Alisema taratibu, akiutazama mguu kama springi iliyokatika. "Joachim wa pale gereji aliingia hospitali na kidonda kidogo kuliko hiki. Wakakata kidole. Wakakata mguu. Mwaka haukuisha tukamzika. Mimi nilibeba jeneza lake, Mama. Nikaapa."

"Joachim alichelewa kwenda."

"Mimi sijachelewa. Nimekuita. Miaka yote hii nimesomesha daktari, sasa daktari ninaye, niende kutafuta nini kwa watu wengine? Nitibu wewe."

"Mimi si daktari bado. Sina leseni. Nikikamatwa namtibu mtu, naweza kufukuzwa."

"Atakukamata nani hapa ndani? Mimi?" Kisha akaongeza lile lililomfunga. "Lakini ukinipeleka kule kwa nguvu, au ukimwambia mama yako, jua kwamba nitakufa nikijua umeniuza."

Mtu anayesimuliwa habari hii leo atasema, mbona jambo liko wazi? Lakini Eveline alilelewa katika nyumba ambayo neno la baba halikujadiliwa. Zaidi ya hapo, na hili alilificha hata kwake mwenyewe, kulikuwa na kitu kitamu katika kuaminiwa vile. Chuoni alikuwa mtu wa kukaripiwa mbele ya wagonjwa. Hapa mzee aliyeogopwa na madereva wa malori alikuwa amemnyooshea mguu wake.

"Wiki mbili tu," alisema. "Kisipopona, tunakwenda."

"Wiki mbili," Mzee akakubali haraka mno.

Eveline alipanda mjini akaingia duka la dawa. Muuzaji alipomuuliza cheti, mdomo wake ulitangulia: "Mimi ni daktari." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo. Alirudi na dawa, gozi, glovu na vidonge vya sukari, akachemsha maji ya chumvi, akaosha, akafunga kama alivyofundishwa, bandeji ikilala juu ya bandeji bila kukunjamana. Mzee akaitazama kazi ile, akacheka. "Fundi ni fundi," alisema.

Jumamosi iliyofuata alirudi, amebeba kipimo cha sukari alichoazima kwa Ande kwa kisingizio cha kufanyia mazoezi. Usaha ulikuwa umepungua na nyama nyekundu imeanza kuonekana. Sukari ilikuwa bado juu, ila si kama mwanzo. Eveline alirudi Mbeya moyo mwepesi, akisoma ndani ya basi mpaka Makambako bila kusinzia.

Kosa likawa ni ule wepesi wa moyo. Baba yake naye aliupata, akashindwa kufunga mdomo. Pale gereji alisema anatibiwa na binti yake, na kidonda kinakauka. Jumamosi ya tatu Eveline aliposhuka kwenye basi, alikuta watu barazani. Bibi mwenye magoti yanayouma. Mama na mtoto mwenye masikio yanayotoa maji. Jirani yao Happy, ambaye presha yake ilikuwa inapanda.

"Kamwene, daktari," walimsalimu, wakainuka.

"Jamani, mimi bado ni mwanafunzi."

"Hata Mzee Aroni alituambia utakataa," alisema Happy, akicheka. "Amesema una unyenyekevu."

Aliwaelekeza waende zahanati, mmoja mmoja, na kila mmoja aliondoka akimwangalia kama mtu aliyenyimwa chumvi na mwenye gunia zima. Alipoingia ndani alikuta wiki mbili zimeshapita na Mzee hazitaji. Alipomkumbusha, alijibu, "Si kinapona? Au unataka kunipeleka ukaonyeshe wenzako?" Kidonda hakikuwa kinapona. Kilikuwa kimefunga juu, na chini yake, alipobonyeza, kitu kilisogea kama maji ndani ya kiriba.

Huko Mbeya mambo yalizidi kukaza. Chuoni walikuwa wanapitishwa kwenye maswali ya mtindo wa mtihani wa leseni, na mwalimu wao mmoja, mtu asiyecheka, alikuwa na kauli aliyoirudia kila kipindi: asiye na leseni hana mgonjwa. Wengine waliinukuu kwa mzaha wakienda kula. Eveline kila alipoisikia alihisi amenyooshewa kidole.

Kisha jioni moja Ande akasoma swali kutoka kwenye lundo lao. "Mwanaume wa makamo, ana kisukari, hatumii dawa. Kidonda chini ya mguu, kina harufu, mguu hauna hisia. Hatua yako ya kwanza?"

"Nampeleka hospitali, alazwe," Eveline alijibu.

"Akikataa?"

"Namweleza hatari ya kuchelewa. Nashirikisha familia."

"Safi. Kosa kubwa la kuepuka?"

Hapo Eveline akavuta blanketi mpaka kidevuni. Ande akainua macho, akidhani amesahau. "Kumtibia nyumbani," alimsaidia. "Hata hili? Eve, hili ni la bure kabisa!" Akapindua karatasi, wakaendelea na swali la homa ya uti wa mgongo.

Tangu siku hiyo kusoma kukawa kama kutembea ndani ya chumba ambacho kila mlango unafunguka kwenye chumba kilekile. Alifungua sura ya figo, akakuta kisukari. Alifungua macho, akakuta kisukari. Alitaka kumpigia mama, akaona uso wa baba yake. Alitaka kumwendea mwalimu, akajiona anasimama mbele ya kikao cha nidhamu, baba yake mwenyewe akiwa ushahidi. Kuacha kwenda Ipogolo hakuweza, kwa sababu nani angekiosha? Na kila alipokwenda alizidi kuwa mwenye kosa. Alianza kuosha mikono yake mara kwa mara, akiwa na hakika kwamba ile harufu imemfuata Soweto.

Safari ya nne kidole cha pili kilikuwa cheusi.

Alikiona mara tu alipofungua. Alikaa chini sakafuni, akasahau hata kuvaa glovu. "Baba," alisema, "hiki kimekufa. Sikutishi. Kimekufa, na kinakula kwenda juu."

Mzee alikuwa amejifunga koti zito ingawa jua lilikuwa limetoka. Meno yalimgongana kidogo. "Bado kidogo," alisema. "Umalize mitihani yako kwanza. Sitaki ufeli kwa ajili yangu."

"Usinisingizie mitihani mimi!"

Hakuwahi kumpigia baba yake kelele. Wote wawili walishtuka. Mzee akageuza uso kuelekea ukutani, akasema kwa sauti ya chini, "Nenda, mwanangu. Basi litakuacha." Na Eveline, Mungu amsamehe, akakifunga kidonda, akaenda. Mitihani ya mwisho ilikuwa imebakiza wiki moja tu.

Ande alimkuta amekaa kitandani na vitabu vimefungwa. Safari hii hakuuliza swali la mtihani. Aliuliza, "Nani anaumwa kwenu?" Yakamwagika yote: msumari, Joachim, duka la dawa, bibi wa magoti, kidole cheusi. Alipomaliza alimngoja Ande amwambie la kufanya, au amtukane, chochote. Ande akaketi kando yake.

"Sasa mimi nikwambie nini, Eve? Jibu si ulilitoa mwenyewe? Hata nikakupa vema." Kisha akachukua simu ya Eveline mezani, akamwekea mkononi. "Shirikisha familia."

Mama alipokea akiwa shambani. Upepo ulivuma kwenye simu na watu walikuwa wanapiga mpunga. Eveline alisema maneno machache tu. Mama hakulia wala hakuuliza kwa nini hakuambiwa. Alisema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Naacha mpunga, nakwenda," akakata.

Yeye na mama walifika Ipogolo siku ileile, mama akitangulia. Eveline alimkuta amesimama mlangoni na kanga begani, macho makavu. "Amekataa," alisema. "Anasema tumngojee pasta. Na saa nyingine ananiita kwa jina la dada yake."

Ndani, Mzee Aroni alikuwa anaungua. Alikuwa anaongea na dereva asiyekuwepo kuhusu springi ya nyuma. Eveline hakufungua tena bandeji. Alitoka mpaka gereji, akawaambia vijana wa baba yake walete gari lolote linalotembea. Wakaja na pikapu, wakambeba na godoro lake. Alipopitishwa mlangoni Mzee alipata fahamu kidogo, akashika kizingiti kwa mkono wenye nguvu zote za fundi, na ilibidi bintiye aubandue mkono ule kidole kimoja baada ya kingine. Alifanya hivyo huku akisema, "Samahani baba, samahani baba," na hakuacha kusema hivyo mpaka pikapu ilipomaliza mlima.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya uchovu. Walikuwa wameshamwekea mgonjwa maji na dawa ya mshipa, na homa ilikuwa imeshuka kiasi cha Mzee kujitambua. Daktari akakata bandeji kwa mkasi, akasita, akaigeuza mkononi, akaona jinsi ilivyopangwa.

"Nani amekuwa akifunga kidonda hiki?"

Mama alimtazama Eveline. Eveline alifungua mdomo. Mbele ya macho yake ilipita miaka yote mitano.

"Mwenyewe," alisema Mzee Aroni kutoka kitandani, macho yamefumba. "Nafunga mwenyewe. Mimi ni fundi."

Daktari alimtazama yule binti aliyesimama na koti la kusafiria, vidole vimefungamana, kisha akarudi kwenye mguu. Akaeleza kwamba kidole hakitoshi, wala nusu ya mguu haitoshi. Ni chini ya goti, na ni leo, la sivyo hatamwahidi mtu kesho.

"Hapana," alisema Mzee.

Daktari akaeleza tena. Mama akabembeleza, akasali, akakaripia. Mzee akazidi kusema hapana, ila kila mara kwa sauti ndogo zaidi, kama gari linaloishiwa mafuta. Mwisho alifumbua macho akamtafuta Eveline.

"Wewe unasemaje?"

Hakuna aliyemtungia swali hilo kwenye lundo lolote. Alisogea karibu mpaka akaona ndevu nyeupe zilizoota wakati wa ugonjwa. Alijua kwamba akisema atakuwa amesema yeye, si daktari yule, si kitabu, na kwamba baba atalikumbuka neno hilo kila asubuhi akitafuta mguu wa kushukia kitandani.

"Wakate, baba."

Mzee akanyoosha mkono, si kwake, kwa muuguzi aliyeshika karatasi ya kuridhia, akaweka sahihi.

Jioni daktari alimkuta Eveline kwenye benchi la nje. Mgonjwa ametoka salama, alisema. Kisha, bila kukaa: "Uko mwaka wa ngapi?"

"Wa tano."

"Mtihani lini?"

"Jumatatu."

Eveline alikuwa tayari kwa lolote. Alikuwa karibu kulitamani: jina lake liandikwe, apelekwe mahali, ahukumiwe, yaishe. Yule mwanamke akavua kofia yake ya upasuaji, akaikunja. "Nenda kafanye," alisema, akaingia ndani. Hilo tu. Halikuwa la kumsamehe wala la kumhukumu, na Eveline alilibeba hivyohivyo mpaka Mbeya.

Mitihani aliifanya kama mtu anayefua nguo za wengine. Kwenye ule wa vitendo kengele ililia, akaingia chumba kimoja, akakuta mwanasesere wa mtoto mchanga asiyelia, akafanya yanayotakiwa. Kengele ikalia, akakuta mama mwenye kifua kikuu, akauliza yanayotakiwa. Hakuna aliyemuuliza habari ya mguu. Alifaulu. Ule wa leseni ulipokuja baadaye aliufaulu pia, na Ande alimkumbatia akampigia vigelegele katikati ya barabara ya Soweto mpaka watu wakageuka. Eveline alitabasamu. Alikuwa anangoja furaha ifike, kama unavyongoja mgeni aliyesema yuko njiani.

Alirudi Ipogolo kungoja kupangiwa hospitali ya utarajali, ule mwaka wa kufanya kazi chini ya madaktari wakubwa. Wakati huo Mzee alikuwa ameshaanza kwenda gereji kwa magongo. Alifanya kazi amekaa, akiwaelekeza vijana kwa fimbo, na besi yake kanisani ilikuwa imerudi. Kwa watu wote alikuwa vilevile. Kwa Eveline alikuwa mpole, na upole huo ndio uliomkondesha. Alimjibu alipomsalimu. Alimwachia kipande cha nyama. Lakini hakumtania, hakumwagiza kitu, na alipofungua kile kigutu cha mguu kukipaka mafuta aliita mama, akafunga mlango. Majirani walimjia Eveline kwa magoti na masikio, sasa bila hofu ya sheria, na Mzee alikaa barazani akisikiliza jinsi wanavyomsifia bintiye bila kutia neno.

Mara moja Eveline alijaribu. Alimfuata gereji, akaanza, "Baba, siku ile pale hospitali, uliposema umefunga mwenyewe..."

"Lete ile spana," Mzee akamwambia kijana wake. Ndiyo ikawa mwisho wa mazungumzo.

Aliishi hivyo miezi kadhaa, katika nyumba aliyoijua kila tofali, akipita pembezoni mwa baba yake kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Barua ya kazi ilipokuja ilimpangia hospitali ya wilaya mbali na pale. Alianza kufunga mizigo yake, na aliona aibu kwamba alikuwa anaharakisha.

Siku moja kabla ya safari, mchana, alikuwa anaanua nguo uani. Mzee alitoka kwa magongo yake, akakaa kwenye kigoda, akahangaika kidogo. Eveline alidhani anatafuta kivuli. Alipogeuka alimkuta amevua kiatu na soksi ya mguu uliobaki, na ameunyoosha mbele.

"Hebu utazame," alisema, akiangalia upande wa barabara. "Huu mwingine."

Eveline aliweka nguo chini. Akapiga magoti, akakishika kisigino kwa viganja viwili. Alipitisha kidole gumba kati ya kidole na kidole, akaangalia kucha, akabonyeza unyayo, akiuliza, hapa? Hapa? Mzee akijibu, sisikii, hapo nasikia kidogo. Pembeni mwa kisigino palikuwa na ufa mwembamba, mkavu, usiotoa kitu. Alirudi kuuangalia mara ya pili.

"Kuna ufa," alisema. "Ni mdogo. Ila uende kliniki wauone kesho, kabla sijaondoka. Nitakusindikiza."

Lori lilipita barabarani likianza kubadilisha gia kwa ajili ya mlima. Mzee alilisikiliza mpaka likapotea. Kisha akaokota soksi yake, akaikung'uta mchanga.

"Wanafungua saa ngapi?" aliuliza.